Sura ya Sita: Kusafiri Bila Watu Wako

Mwezi wa Juni mwaka 1325, kijana wa miaka 21 aliwaaga wazazi wake mjini Tangier, Morocco, akashika njia ya Makka. Hakuwa na mwenzi wala msafara. Alipofika Tunis, pamoja na wasafiri aliokuwa ameungana nao njiani, watu wa mji walitoka kuwalaki jamaa na marafiki zao. Kila mtu alisalimiwa na wa kwake, na yeye hakuna aliyemjua. Akalia. Hujaji mmoja akayaona machozi yake, akamwendea, akamsalimu na kumzungumzisha mpaka wakaingia mjini pamoja. Kijana huyo alikuwa Ibn Battuta, na safari aliyoianza peke yake iliendelea kwa karibu miaka 30, ikamfikisha Uarabuni, Mogadishu, Mombasa, Kilwa, India, China na Mali. Kisa cha Tunis kimo katika kitabu alichokisimulia yeye, kikaandikwa na Ibn Juzayy na kukamilika mwaka 1355. Ndani yake yamekutana mambo mawili ambayo watu wamezoea kuyataja moja moja: uchungu wa kuwa peke yako ugenini, na urafiki ambao uchungu huo huuleta. Wanaotuonya tusisafiri peke yetu huliona la kwanza tu. Wanaozisifu safari za peke yao mara nyingi hulificha hilo la kwanza, wakalipamba la pili. Hoja ya sura hii ni kwamba mawili hayo yana mzizi mmoja. Anayesafiri peke yake huachana kwa muda na watu wake, na kwa sababu hiyo hasa huwakaribia watu wengine, na hatimaye hujikaribia yeye mwenyewe.

Kwanza tukubaliane maana. Kusafiri peke yako, kama ninavyolitumia neno hilo hapa, hakumaanishi kujitenga na binadamu. Basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza hujaa watu, na aliyekata tiketi moja hukaa bega kwa bega na jirani asiyemjua kutwa nzima. Kinachokosekana katika safari yake ni ndugu, mchumba, wafanyakazi wenzake, marafiki wanaolijua jina lake, tabia yake na hadhi aliyonayo nyumbani. Hata mfano uliokithiri kuliko yote hautoki nje ya maana hiyo. Joshua Slocum, nahodha aliyezaliwa Nova Scotia nchini Kanada, aling'oa nanga Boston mwezi Aprili 1895 akiwa peke yake katika mashua yake, Spray, na mwezi Juni 1898 akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga bila mwenzi. Alikaa wiki nyingi baharini bila kuona uso wa mtu. Lakini kitabu alichokiandika baadaye kimejaa watu wa bandarini, kuanzia Gibraltar hadi Samoa, Australia na Afrika Kusini, waliomkaribisha, wakamlisha na kukaa wakamsikiliza. Upweke wake wa baharini na ukarimu alioupata nchi kavu vilikwenda pamoja.

Sababu ya kwenda kwake pamoja inaeleweka. Mgeni mmoja ni mzigo mdogo. Ana tumbo moja, nafasi ya mkeka mmoja inamtosha, na hana jeshi nyuma yake. Mwenyeji anaweza kumkaribisha bila kuhesabu nafaka iliyobaki ghalani. Kundi lina hesabu nyingine. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874 aliongoza msafara wa watu zaidi ya 300, wapagazi na askari, wenye mizigo ya nguo, shanga na bunduki. Kila ulipotua, msafara ule ulihitaji chakula cha mamia, na kila mtawala aliyeuona ukija alilazimika kuamua haraka kama umekuja kwa heri au kwa shari. Mwaka 1875, baada ya kuzozana na wenyeji wa kisiwa cha Bumbire katika Ziwa Victoria, Stanley alirudi na mitumbwi iliyojaa watu wenye silaha akaua wengi waliokuwa wamesimama ufukweni. Linganisha na safari ya Tété-Michel Kpomassie, aliyezaliwa Togo mwaka 1941. Akiwa kijana alikiona katika duka la vitabu mjini Lomé kitabu kinachowahusu wakazi wa Greenland, akaazimia kwenda kuwaona. Ilimchukua miaka mingi, akifanya kazi nchi moja baada ya nyingine Afrika Magharibi na Ulaya, hadi alipokanyaga Greenland katikati ya miaka ya 1960. Alikuwa Mwafrika peke yake mahali ambapo wengi hawakuwahi kumwona mtu mweusi. Akapokewa majumbani. Alikaa na familia mbalimbali, akala walichokula, akasafiri kwa sleji za kukokotwa na mbwa, akavua na kuwinda pamoja nao. Kitabu alichokichapisha kwa Kifaransa mwaka 1981 kinaeleza maisha ya ndani ya nyumba hizo kwa ukaribu ambao msafara wa watu 300 usingeweza kuupata popote duniani.

Mtu anaweza kusema kwamba ulinganisho huo si wa haki, kwa kuwa Stanley alikwenda na bunduki na Kpomassie alikwenda na udadisi. Ni kweli kwamba nia ya msafiri ina uzito kuliko idadi ya wenzake. Mtu mmoja mwenye kiburi hatapokewa vizuri, na kundi lenye adabu laweza kupendwa. Lakini idadi nayo hufanya kazi yake. Kundi kubwa lina uwezo wa kulazimisha, na mtu mmoja hana ila kuomba. Asiyeweza kulazimisha hujifunza haraka salamu za mahali, hungoja aambiwe keti, hula alichopewa, huuliza kabla ya kupiga picha. Udhaifu wake humfunza adabu, na adabu humpa nafasi ambayo fedha haziinunui. Miji ya pwani yetu ililijua jambo hili zamani. Ibn Battuta, aliyepita huku karibu mwaka 1331, anaeleza kwamba chombo kilipotia nanga Mogadishu vijana walitoka na mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamchagua mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alifikia kwa mwenyeji huyo, na kuuza kwake na kununua kwake kulipitia kwake. Ulikuwa utaratibu wa biashara, wenye faida kwa pande zote mbili. Jambo la kuzingatia ni kwamba ulimpokea mtu mmoja mmoja. Wenyeji walijua kwamba chombo kizima cha wageni hakizungumziki. Aliye peke yake huzungumzika.

Leo utaratibu kama huo hupangwa na tiketi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kwa miaka mingi mabehewa yake ya kulala yamekuwa na vyumba vya vitanda vinne kwa daraja la kwanza na sita kwa daraja la pili, na wanaume na wanawake hulala mbalimbali isipokuwa chumba kizima kikichukuliwa na kundi moja. Marafiki sita wakinunua vitanda vyote sita, hufunga mlango na kusafiri na mazungumzo yaleyale waliyoyaacha nyumbani. Aliye peke yake hupewa kitanda katikati ya watu watano asiowajua, katika safari inayolala njiani. Treni itakapokuwa imepita nyika za Hifadhi ya Taifa ya Nyerere na kuanza kupanda kwenye mahandaki na madaraja ya kati ya Mlimba na Makambako, atakuwa ameshajua nani anapeleka mzigo Tunduma, nani anakwenda msibani Mbeya, bei ya mchele msimu huu na sababu ya kupanda kwake. Hakuyatafuta hayo. Ameyapata kwa kukaa mahali ambapo kunyamaza ni kazi kuliko kuongea. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, na anayetembea bila watu wake ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuokota kitu njiani.

Kama faida hii ni kubwa hivyo, mbona wengi huikwepa? Sehemu ya jibu ni kwamba hatuna uhodari wa kukisia mambo yatakayotufurahisha. Mwaka 2014 watafiti Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha majaribio waliyoyafanya na abiria wa treni na mabasi ya Chicago. Baadhi ya abiria waliombwa waanzishe mazungumzo na mtu wasiyemjua, wengine wakae kimya peke yao, na wengine wasafiri kama kawaida yao. Watu wengine walioulizwa wakisie walisema safari ya kuzungumza na mgeni ingekuwa mbaya kuliko zote. Waliozungumza kweli waliripoti safari nzuri zaidi. Mwaka uliofuata Rebecca Ratner na Rebecca Hamilton walionyesha upande mwingine wa kosa hilohilo: watu hudhani burudani kama kutazama maonyesho ya picha haitawafurahisha wakienda peke yao, na wakienda huifurahia karibu sawa na walioandamana na wenzao. Kinachowazuia kwa kiasi kikubwa ni kuwaza jinsi watakavyoonekana, kwamba watadhaniwa hawana marafiki. Kwetu hofu hiyo ina nguvu hata zaidi. Anayekula peke yake hotelini hutazamwa kama aliyegombana na watu, na binti anayesema anakwenda Lushoto kupumzika peke yake huulizwa amepatwa na nini. Majaribio ya Chicago hayakufanyika Lushoto, na desturi za watu hutofautiana. Hata hivyo yanatupa sababu nzuri ya kuishuku hofu yetu kabla ya kuitii, hasa sisi tuliolelewa katika lugha ambayo kumsalimu usiyemjua ni wajibu.

Faida ya pili ni ya akili. Katika kundi, maamuzi mengi hayamilikiwi na mtu. Mwaka 1974 mtaalamu wa menejimenti Jerry Harvey aliandika kisa kilichokuja kuwa mashuhuri katika taaluma yake. Familia moja ilikuwa imekaa barazani katika mji wa Coleman, Texas, siku ya joto kali. Mmoja akapendekeza waende kula Abilene, mwendo wa kilomita 85 hivi, katika gari lisilo na kipoza hewa. Kila mmoja akakubali. Waliporudi wamechoka na chakula kikiwa hakikuwafaa, iligundulika kwamba hakuna hata mmoja aliyetaka kwenda. Kila mtu alikubali kwa kudhani wengine wanataka, na hata aliyependekeza alitamka tu. Kila aliyewahi kusafiri na kundi anaijua Abilene yake. Kundi hukaa hotelini hadi saa nne asubuhi likimngoja mmoja, hupita mahali pazuri kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema simama, huishia mgahawa ambao haukuchaguliwa na yeyote. Aliye peke yake hana wa kumsingizia. Akichagua njia mbaya ameichagua yeye, na akichagua nzuri ameichagua yeye. Kwa siku chache maamuzi madogo hufuatana bila kukoma: lini niondoke, nilale wapi, huyu nimwamini au nisimwamini, fedha hizi zitanifikisha? Kijana aliyeamuliwa kila kitu tangu shule hadi kazi atajifunza katika siku hizo kwamba hukumu yake inafanya kazi, na mahali ambapo haifanyi kazi. Maarifa hayo hayapatikani kwa kuambiwa.

Ya tatu ni furaha yenyewe, nayo isionewe haya. Chukua Kilwa Kisiwani, kisiwa unachokifikia kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, kilichotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Msikiti Mkuu upo hapo, na mbali kidogo, juu ya jabali linaloitazama bahari, yapo magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule ambaye Ibn Battuta alimsifu kwa ukarimu. Jumba lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua, na kidimbwi cha kuogea chenye pande nane. Kundi hulimaliza kwa haraka, kwa kuwa jua ni kali, mmoja ana njaa na mwingine ameshapiga picha za kutosha. Aliye peke yake anaweza kukaa pembezoni mwa kidimbwi kile mpaka akaelewa maji yaliingiaje na upepo wa bahari ulipitaje. Anaweza kumuuliza mwongozaji swali la kumi bila kuwachosha wenzake. Anaweza kurudi kesho. Anaweza pia kuondoka mapema, kama magofu hayamgusi, akaenda kukaa na wavuvi wanaoshona nyavu. Macho yake hayagawanyiki kati ya mahali alipo na kundi analopaswa kulifurahisha. Uhuru wa kutazama kitu kadiri kinavyostahili, na kukiacha kisipostahili, ni starehe ambayo watu wengi wazima hawajaionja tangu utotoni.

Sasa tuje kwenye pingamizi, na lililo zito kuliko yote kwetu ni la utamaduni. Mtu ni watu, tunasema, na kidole kimoja hakivunji chawa. Furaha isiyo na wa kushirikiana naye ni furaha gani? Pingamizi hili lina ushahidi wake. Mwaka 2014 Erica Boothby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwaonjesha watu chokoleti, mara wakiwa wanaonja wakati mmoja na mtu mwingine, mara mwenzao akiwa anafanya jambo jingine. Chokoleti tamu ilionekana tamu zaidi ilipoonjwa kwa pamoja. Lakini katika jaribio jingine la utafiti huohuo, chokoleti chungu nayo ilionekana mbaya zaidi ilipoonjwa pamoja. Ushirika hukuza kila kitu, pamoja na karaha, na anayejua safari iliyoharibiwa na mnung'unikaji mmoja hatashangaa. Zaidi ya hayo, mwenzao wa kuonja hakuwa ndugu yao wala rafiki wa siku nyingi. Alikuwa mtu waliyemkuta palepale penye jaribio. Basi utafiti huu haumnyimi msafiri wa peke yake furaha ya ushirika, kwa sababu yeye naye hushirikiana: na jirani wa behewa, na mama ntilie anayemuongezea mchuzi, na mwongozaji wa Kilwa. Mtu ni watu, na methali haikusema ni watu walewale siku zote. Naamini pia kwamba ushirika wa nyumbani hunufaika mmoja akiondoka akarudi na jambo jipya la kusimulia. Wawili waliokiona kitu kimoja pamoja hawana la kuhadithiana.

Pingamizi la pili ni usalama, na hapa anayelidharau anastahili kukemewa. Katika Sahihi Bukhari imo hadithi inayomwonya mpandaji asisafiri usiku akiwa peke yake, na onyo hilo lina hekima inayoonekana kwa yeyote aliyewahi kupita njia isiyo na watu baada ya jua kuzama. Dini hiyohiyo ilimtoa pia Imamu al-Ghazali, aliyeacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095 akaenda kukaa Sham kwa ibada na upweke, na katika vitabu 40 vinavyounda Ihya, kazi yake kuu, akatenga kimoja kizima kwa adabu za safari. Hakuna mgongano hapo. Safari inasifiwa, na uzembe unakatazwa. Sheria za leo zinaufuata mwelekeo huohuo. Tangu mwaka 1991 hairuhusiwi kupanda Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, bila mwongozaji aliyesajiliwa, kwa sababu ugonjwa wa mwinuko humnyang'anya mtu akili kabla hajajua kwamba anaumwa. Nepal nayo ilitangaza mwaka 2023 kwamba watalii wa kigeni wasitembee milimani bila mwongozaji. Slocum mwenyewe, hodari kuliko wote, hatimaye alitweka tanga tena peke yake na hakuonekana tena. Mafunzo yako wazi. Upweke unafaa mahali penye watu na haufai mahali ambapo kuteleza kwa mguu kunamaanisha kifo bila shahidi. Anayesafiri peke yake afike mchana, aache kwa mtu mmoja nyumbani maelezo ya njia yake na siku ya kurudi, agawe fedha zake mahali pawili au patatu, na awe tayari kuivunja safari bila aibu. Kama masharti haya yanaonekana kupunguza uhuru, tukumbuke kwamba abiria wa TAZARA aliye katikati ya watu watano hajapoteza chochote cha thamani tunachokizungumzia hapa.

Kwa wanawake pingamizi hili lina makali zaidi. Kero za stendi, za gesti na za mitaani ni za kweli. Wanazuoni wa Kiislamu nao wametofautiana kuhusu mwanamke kusafiri bila maharimu, wengine wakikataza na wengine wakiruhusu njia ikiwa na amani, na kila mmoja ana haki ya kufuata anachokiamini. Ninachokikataa ni dhana kwamba mwanamke hana la kupata huko. Mary Kingsley, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1862, aliishi nyumbani akiwatunza wazazi mpaka wote wawili walipofariki mwaka 1892. Kati ya 1893 na 1895 alisafiri mara mbili Afrika Magharibi na ya Kati, bila Mzungu mwenzake, pamoja na wapiga makasia na wabeba mizigo wa huko, akiuza nguo na tumbaku ili awe na sababu inayoeleweka ya kuingia kijijini. Alipita mto Ogowe nchini Gabon na nchi ya Wafang, akaupanda Mlima Kameruni. Hakuacha kutetea maslahi ya wafanyabiashara wa Kiingereza, na hilo lisifichwe. Lakini kitabu chake cha 1897 kilipingana na mengi ambayo wamisionari na wakubwa wa nchi yake waliyasema kuhusu Waafrika, na baadaye aliipinga kodi ya vibanda iliyotozwa Sierra Leone mwaka 1898. Aliyaona aliyoyaona kwa sababu alikaa, akauza na akauliza, bila kundi la wenziwe la kumwambia aone nini. Kero anazopata mwanamke njiani ni kosa la wanaozifanya, na dawa yake ni taa za stendi, makondakta wenye nidhamu na polisi wanaosikiliza. Kumfungia nyumbani aliyekosewa hakumzuii mkosaji.

Lipo jambo moja ambalo sifa hizi zote zingekuwa ukatili kulisahau. Afrika Mashariki imejaa watu wanaosafiri peke yao bila kupenda: mabinti wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za ndani, vijana wanaokimbia vita Kivu, wanaume wanaoacha familia kutafuta kibarua mijini. Wao pia wako mbali na watu wao, na hakuna anayethubutu kuwaambia kwamba wanafaidi. Tofauti iko katika mambo mawili: hiari ya kuondoka na uwezo wa kurudi. Binti ambaye tajiri wake ameishika pasipoti yake hana uwezo huo, na upweke wake ni dhuluma inayotaka sheria. Kwa hiyo ninapoisifu safari ya peke yako nasifu kitu chenye mipaka: mtu ameichagua, nauli ya kurudi anayo, na nyumbani wapo wanaomngoja. Gharama nayo ni kikwazo, maana aliye peke yake hulipia chumba kizima, na gari la kwenda Serengeti hana wa kugawana naye gharama. Lakini nauli ya basi ni ya mtu mmoja, na hoja ya sura hii haihitaji Serengeti. Siku tatu katika mkoa usiokuwa na ndugu zako, kwa basi la kawaida na kitanda cha bei ya kawaida, zinatosha kuijaribu.

Atakayeijaribu asitarajie kwamba kila saa itakuwa tamu. Jioni ya kwanza huwa nzito, na mkono huitafuta simu ili urudi kwa watu wako angalau kwa maneno. Afadhali simu ingoje. Uzito huo ndio unaomtoa mtu chumbani kwenda kukaa penye watu, kuuliza njia anayoijua nusu, kukubali kiti alichosogezewa. Na faida yake haimwishii msafiri. Jamii yetu hujisifu kwa ukarimu, na huko nyuma ilistahili sifa hiyo, lakini ukarimu hudumu kwa watu wanaokumbuka ugeni una ladha gani. Aliyewahi kushuka mahali asipojulikana, akasalimiwa na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kumsalimu, anajua kwamba salamu ile ilikuwa na thamani kuliko chakula. Mtu huyo akirudi kwake atamwona mgeni stendi kabla hajaombwa msaada. Mwanafunzi kutoka mkoa mwingine, mkimbizi aliyehamia mtaani, mfanyakazi mpya asiyejua lafudhi ya mahali, wote watapata kwake jirani anayejua la kufanya. Hiyo ndiyo sababu ninashikilia kwamba kila kijana mwenye uwezo na usalama wa kutosha aruhusiwe, na ahimizwe, kusafiri peke yake angalau mara moja kabla hajawa na nyumba yake ya kukaribishia wageni.